Nimemkabidhi mbwa wangu kituoni, sasa wanasema ni mkali kwenye bakuli. Nyumbani hakuwahi. Nini kimembadilisha?

Mama_Kisaasi (mleta mada)
Habari zenu wadau. Naomba mawazo yenu, maana silali vizuri.

Nina mbwa anaitwa Simba, dume, miaka minne, kahawia, sikio moja limelala. Nilimchukua Najjera akiwa wa wiki nane hivi. Mume wangu amepata kazi Juba, mimi na mtoto tumehamia nyumba ya ghorofa Kisaasi, na mwenye nyumba ameandika kabisa kwenye mkataba kwamba hataki mbwa. Nilitafuta mtu wa kumchukua mwezi mzima. Wote waliojitokeza walitaka mbwa wa kufunga mnyororo getini mchana na kumfungulia usiku. Sikuweza. Ndipo nikampeleka kwenye kituo kimoja cha kuhifadhi wanyama, nje kidogo ya Kampala.

Walinipa fomu ndefu. Anakula nini, anaogopa nini, amewahi kuuma, anaishije na watoto, na paka, na kuku. Kwenye swali la kunguruma akiwa anakula niliandika HAPANA. Simba alikuwa akila posho na mukene (ugali na dagaa) kwenye sufuria nyeusi nyuma ya jikoni, mwanangu wa miaka sita amechuchumaa pembeni anamtoa kupe kwa vidole. Hakuwahi hata kuinua mdomo.

Jana, siku ya 11, wamenipigia. Wamemfanyia tathmini. Anatembea vizuri na kamba, anakubali kushikwa masikio na miguu, na mbwa wenzake hana neno. Lakini waliposogeza mkono wa bandia karibu na bakuli aliganda, macho yakageuka mpaka weupe ukaonekana, akanguruma, kisha akaung'ata. Wameandika asipewe nyumba yenye watoto.

Swali langu: mbwa anaweza kubadilika ndani ya siku 11? Au kuna kitu sikukiona miaka minne yote?

Mlinzi_wa_Zamu
Pole mama. Swali moja tu: mchana ukiwa kazini nani alikuwa anamlisha?

Mutukula_Mpakani
Pole sana dada. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hiyo ni kwa binadamu anayejua amekuja kumtembelea nani. Mbwa hajui. Jana alikuwa na jikoni lake, leo yuko kwenye kizimba cha sementi, mbwa wengine wanabweka pande zote, harufu hazijui hata moja. Kitu pekee anachokitambua hapo ni chakula. Utakilinda au hutakilinda?

Dakta_wa_Ngombe
Niko Mbarara, kazi yangu kubwa ni ng'ombe, lakini mbwa nawatibu pia. Mkuu wa Mutukula umegusa jambo la kweli. Marekani miaka ya 1990 walipima damu ya mbwa waliopokelewa kituoni wakakuta kotisoli, ile homoni ya msongo, iko juu zaidi siku tatu za mwanzo, halafu inashuka taratibu kwa wale waliokaa zaidi. Kwa hiyo kumpima mbwa siku ya kwanza ni kuipima hofu yake. Siku ya 11 ni afadhali, ingawa wapo wanaochelewa zaidi.

Mama, mimi ningeuliza kwanza kuhusu maumivu. Meno yake yameangaliwa? Mbwa wetu wa kula mifupa migumu hupasua jino la nyuma, na mwenye mbwa haoni kitu kwa sababu mbwa anaendelea kula. Anakula upande mmoja, basi. Ukimsogelea wakati huo anakuonya.

Kijana_wa_Malaba
Nasikia siku 10 za kwanza wanawaweka ili kuangalia kichaa cha mbwa, kwa sababu kichaa hujitokeza ndani ya siku 10. Kama amepita siku 10 basi huyo ni mzima, ni hasira tu.

Dakta_wa_Ngombe
Kijana wa Malaba, hapo naomba nisahihishe, maana kosa hili linaweza kuua mtu. Siku 10 ni za mbwa ALIYEUMA. Akiwa bado hai na mzima siku ya 10 baada ya kuuma, ina maana mate yake hayakuwa na virusi siku ile aliyouma. Haina maana kwamba hana kichaa mwilini. Virusi vinaweza kukaa wiki kadhaa hata miezi kabla ya dalili kuonekana. Ndiyo sababu chanjo haina mbadala. Na yeyote akiumwa: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri mbwa afe ndipo uende.

Kumtenga mbwa mgeni wiki mbili kituoni ni kwa magonjwa mengine, parvo na distempa hasa.

Kijana_wa_Malaba
Asante dakta, nimeelewa. Huku kwetu tunapaka pilipili kwenye jeraha.

Dakta_wa_Ngombe
Tafadhali acheni. Sabuni.

Binti_Bugembe
Mimi niko Jinja. Nilimchukua mbwa jike aliyekuwa anaokota takataka sokoni. Miezi miwili ya kwanza alikuwa akila huku amelalia bakuli kwa kifua, ukipita hata mita tatu ananguruma. Sikumpiga. Kila nikipita namrushia kipande cha nyama, nakwenda zangu. Narusha, napita. Baadaye akiniona naja anaacha bakuli mwenyewe anainua kichwa kusubiri. Mama Kisaasi, hiyo si laana ya maisha yote.

Mwalimu_wa_Soroti
Hakuna aliyeuliza jambo moja. Simba ulikuwa unamsemesha lugha gani?

Mama_Kisaasi
Kiswahili tu. Mimi kwetu Mombasa, mume wangu Mnubi. Kaa, njoo, toka, acha, lala.

Mwalimu_wa_Soroti
Ndiyo hapo sasa. Kituoni kila mhudumu anazungumza Kiganda. *Jangu*, *tuula*, *leka*, yaani njoo, kaa, acha. Huyo mbwa kwa siku 11 hajasikia neno hata moja analolijua. Akiambiwa *leka* yeye hajui kwamba anaambiwa aache. Anasikia sauti ya mtu mgeni inapanda, kisha mkono unakuja kwenye chakula chake. Nilikuwa na mbwa niliyepewa na Mhindi mmoja aliyerudi India, nilikaa naye mwezi nikidhani ni kiziwi. Siku moja mtoto wa rafiki yake akamwita kwa Kigujarati, mbwa akaruka.

Mlinzi_wa_Zamu
Mwalimu, mbwa hasikii lugha, anasikia sauti na kuangalia mkono. Mimi nimelinda na mbwa miaka tisa.

Mwalimu_wa_Soroti
Anasikia vyote viwili. Mjaribu wako: simama umempa mgongo, mikono mfukoni, useme neno lake. Halafu useme neno la lugha nyingine kwa sauti ile ile. Kisha uje utuambie.

Mutukula_Mpakani
Kwanza nafurahi kusikia kuna mbwa Kampala anajua Kiswahili sanifu kuliko makondakta wa Taxi Park 😀. Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, Simba alishatangulia.

Hajji_Bombo
Mutukula usituguse, Bombo tunazungumza Kiswahili tangu babu zetu wako jeshini.

Nirudi kwenye mada. Dada, mume wako ni mwenzetu, na huenda wapo walioanza kukusema kwa kuishi na mbwa jikoni. Wasikuvunje moyo. Kwa sisi Shafi mate yake ni najisi, chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wanasema mbwa hai ni tohara. Hiyo ni hitilafu ya wanazuoni. Lakini hakuna hitilafu kuhusu yule mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha, akasamehewa. Ulichofanya cha kumtafutia mahali badala ya kumtupa barabara ya Gayaza kina ujira wake.

Mama_Kisaasi
Hajji, umenitoa machozi. Shukran.

Afande_Mstaafu
Mimi nasema wazi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Watu wengi wakipeleka mbwa kituoni wanamwandika malaika, kwa sababu wanaogopa kwamba wakisema ukweli atadungwa sindano ya kulala. Sisemi mama amedanganya kwa makusudi. Lakini mbwa hazaliwi na meno mapya siku ya 11. Kilikuwepo. Na kituo kimefanya sawa kuandika hivyo: akimng'ata mtoto wa mtu usoni, nani atajibu? Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tunayo tangu 1957, lakini mtoto naye ana haki yake.

Mama_Kisaasi
Afande, nakubali uzito wa maneno yako, ingawa sikuficha. Nimejibu kile nilichokijua. Swali la Mlinzi lilinikaa kichwani, kwa hiyo usiku nimempigia dada aliyekuwa akitusaidia kazi Najjera, sasa yuko kwao Iganga. Nimemwambia sina ugomvi naye, nataka kujua tu.

Amenieleza hivi. Uzio wa nyuma ulikuwa na tundu karibu na tangi la maji. Mchana, sisi tukiwa hatupo, mbwa mkubwa wa jirani, German Shepherd, alikuwa akipenya na kumnyang'anya Simba chakula. Simba akaanza kumngurumia. Dada akawa anawatenganisha kwa mpini wa ufagio. Anasukuma kichwa cha mmoja, anasukuma cha mwingine. Nimemuuliza ilikuwa mara ngapi. Amesema "karibu kila siku, mama, tangu Krismasi."

Nimekaa na simu mkononi muda mrefu. Jioni Simba alikuwa akila mbele yetu kwa utulivu kumbe mchana anapigana.

Mlinzi_wa_Zamu
Ndiyo maana niliuliza. Anayemjua mbwa ni anayeshinda naye.

Nilifanya_Kituoni
Nimekuwa nikisoma kimya kimya. Nilikuwa mhudumu wa kituo cha mbwa kwa miaka mitatu, sitakitaja. Kuna mambo wadau mnayakisia, mimi nimeyaona.

Mbwa akifika tunampima uzito, tunaangalia fizi, masikio, kupe, kinyesi kwa ajili ya minyoo. Chanjo, dawa ya minyoo, kizimba cha peke yake. Wengi usiku wa kwanza hawali. Wanageukia ukuta wanakupa mgongo, pua kwenye pembe kabisa. Wale waliokabidhiwa na wenyewe ndio walioniumiza moyo kuliko wa barabarani. Wa barabarani anaangalia kama kuna njia ya kutoka. Huyu wa nyumbani anaangalia mlango ule ule mwenyewe alikotokea, na kila gari likisimama masikio yanapanda. Nilikuwa nachukua ndoo naigeuza, nakaa nje ya kizimba nimempa mgongo, nasoma gazeti kwa sauti. Sisemi naye. Siku ya pili au ya tano utasikia pumzi kwenye kiwiko chako.

Kwenye mlango kunaning'inia karatasi. Amekula robo, nusu, yote. Kinyesi kikoje. Amekuja mlangoni au hakuja. Amelamba midomo, amepiga miayo (hiyo kwa mbwa si usingizi, ni wasiwasi). Tathmini ya siku moja ni ukurasa mmoja tu wa karatasi hizo. Mama, waombe wakusomee zile za kila siku, usiishie kwenye hitimisho.

Sasa kuhusu chakula. Saa kumi na moja jioni ndoo zikisikika tu, mbwa arobaini wanaanza kwa pamoja. Huwezi kusikia mtu aliye karibu yako. Bakuli linawekwa mbele, karibu na waya, kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Na upande wa pili wa waya kuna mbwa mwingine amepenyeza pua. Mbwa mpole kabisa hujifunza kulinda bakuli ndani ya wiki moja hapo. Tulipoanza kuweka mabakuli nyuma, na kufunika waya kwa gunia, kelele zilipungua, na wengine waliacha kunguruma bila mafunzo yoyote.

Na ule mkono wa bandia. Kwetu ulikuwa glavu ya mpira imejazwa matambara, imefungwa kwenye fimbo. Mama, soma tena ulichoandika kuhusu mpini wa ufagio.

Binti_Bugembe
Nimesisimka mwili.

Mama_Kisaasi
Mimi pia.

Dakta_wa_Ngombe
Nashukuru kwa mchango huo, bora kuliko wangu. Niongeze kuhusu vipimo vyenyewe. Mwaka 2016 watafiti wawili, Patronek na Bradley, walichambua hivi vipimo vya tabia kituoni wakasema usahihi wake wa kutabiri ukali nyumbani haupiti sana kurusha sarafu. Na mwaka 2013 huko Boston walifuatilia mbwa 20 hivi walioonyesha ukali wa chakula kituoni: zaidi kidogo ya nusu walionyesha hata nyumbani, waliobaki hawakuonyesha kabisa.

Afande_Mstaafu
Dakta usisome nusu ya takwimu. Zaidi ya nusu WALIONYESHA. Je, wale waliopita mtihani kituoni, hakuna aliyekuja kunguruma nyumbani?

Dakta_wa_Ngombe
Wapo, kama mmoja kati ya watano. Uko sahihi, afande. Na wengi wa waliowachukua hawakuliona kuwa tatizo kubwa, walimwacha mbwa ale kwa amani.

Afande_Mstaafu
Basi kipimo si bure. Kinasema kitu, ingawa hakisemi kila kitu.

Mwalimu_wa_Soroti
Mimi bado niko kwenye lugha.

Mwana_wa_Gulu
Salamu kutoka kaskazini. Huku kwetu kuna The Comfort Dog Project, mradi ulioanzishwa na Francis Okello Oloya, mwenyewe alipoteza macho kwa bomu akiwa mtoto. Wanawachukua mbwa, wanawaangalia tabia, wanawachanja na kuwahasi, kisha wanawaunganisha na watu waliobeba majeraha ya vita moyoni, wanafundishwa pamoja kwa wiki nyingi. Shangazi yangu ana jirani aliyepitia hapo. Alikuwa halali, usiku anapiga kelele. Sasa mbwa ndiye anayemwamsha akianza kuweweseka.

Nasema hivi kwa sababu mbwa na yule mtu hawapimwi siku moja kisha wakaachwa. Wanaangaliwa wiki baada ya wiki, na tabia ya mmoja inambadilisha mwingine. Simba kapimwa na fimbo, peke yake.

Kijana_wa_Malaba
Swali la kando: kuhasi kunapunguza ukali?

Nilifanya_Kituoni
Kunapunguza kuzurura na kupigania majike. Kwenye bakuli sikuona tofauti.

Mutukula_Mpakani
Dada, umefikiria kwenda kumwona? Mimi ningekwenda.

Binti_Bugembe
Mimi nisingekwenda. Akuone, afurahi, halafu uondoke tena? Huko ni kumwacha mara mbili.

Mama_Kisaasi
Nimesoma yote na nimeamua kwenda. Nimekwenda leo Jumamosi, bila mtoto. Niliomba ruhusa kwanza, nikawaeleza habari ya uzio, jirani na ufagio. Yule dada wa kituo hakunilaumu. Alichukua kalamu akaandika yote, kisha akaniuliza amri zake kwa Kiswahili moja moja, akaziandika kwa wino mwekundu juu ya karatasi ya mlangoni: KAA. NJOO. ACHA. Mwalimu, hiyo ni kazi yako.

Simba amepungua. Aliponiona hakuruka. Alikuja akaweka paji la uso kwenye goti langu, akabaki hivyo hivyo, mkia haujatikisika. Nilikuwa nimebeba sufuria yake nyeusi. Wakaiweka nyuma ya kizimba mbali na waya, posho na mukene. Akala. Mhudumu akasimama mbali, hana fimbo, akasema "Simba, acha." Akaacha. Akainua kichwa. Mhudumu akamrushia kipande cha maini. Mara ya tatu aliposogea hatua mbili zaidi, Simba akaganda tena, lakini hakunguruma. Nilimwona akiganda. Nisidanganye.

Daktari wao amefungua mdomo: jino kubwa la juu kushoto limepasuka, fizi imevimba. Watalitoa wiki ijayo. Tathmini nyingine itafanywa akishapona, lakini lile neno la watoto limebaki palepale kwenye faili.

Dakta_wa_Ngombe
Nilisema jino.

Mwalimu_wa_Soroti
Dakta, aliacha alipoambiwa "acha", na jino bado limo mdomoni.

Nilifanya_Kituoni
Na bakuli lilikuwa nyuma, mbali na waya. Na mama alikuwepo. Na fimbo haikuwepo. Mmebadilisha mambo matano kwa siku moja, hamtajua lipi limefanya kazi.

Afande_Mstaafu
Na aliganda. Mama mwenyewe kasema. Nampongeza kwa kusema.

Mlinzi_wa_Zamu
Nimejaribu kile cha mwalimu. Mgongo, mikono mfukoni. Kwa Kiswahili amekaa. Kwa Kiganda ameniangalia tu. Nimerudia mara nne.

Mwalimu_wa_Soroti
Ahsante ssebo.

Babu_Mukono
Wanangu, mimi na mke wangu tuko Mukono, watoto wote wameshaolewa na kuoa, wajukuu wanakuja Desemba tu. Eka moja imezungushiwa seng'enge, hakuna mnyororo, na nyumba nzima tunazungumza Kiswahili maana mke wangu ni Mtanzania wa Bukoba. Desemba mbwa anaweza kulia chumba cha nyuma mlango umefungwa, hilo si gumu. Kitu kimoja: tuna kuku sitini wanaozurura uwanjani. Simba na kuku wakoje?

Mama_Kisaasi
Mzee wangu, shikamoo, na Mungu akubariki. Kwenye fomu niliandika kwamba kuku hana shida nao. Lakini nipe mpaka jioni. Nampigia kwanza yule dada wa Iganga, ndipo nikujibu.